Diski ya Mama Imeganda

Mchana wa sikukuu, na benchi la nje kwa kinyozi limejaa nyuso za msiba. Mimi muuza kahawa nimewazoea hawa, lakini leo wamenitisha. Kila sikukuu hukusanyika ndani kwa Wembe, kinyozi wetu, kutazama filamu moja, ile ile, ya kijana aliyepotea miaka akarudi kwao. Mama yake Wembe ndiye aliyewazoesha. Mwaka huu mama hatunaye, na Wembe aliapa mbele yetu kwamba leo ataitazama mpaka mwisho kwa heshima yake. Basi kijana kafika mlangoni kwao, kanyanyua mkono apige hodi, diski ikaganda!

— Jamani, mkono upo hewani! — Wembe alisema. — Nimezima, nimewasha, mkono uko pale pale!

— Uliisafisha kwa kitu gani? — akauliza Spana, fundi wa magari.

— Dawa ya meno. Si wewe uliyeniambia?

— Nilisema kidogo! Wewe umeipiga mswaki kama unakwenda kuposa!

Mtaalamu, ambaye kazi hana ila jibu analo siku zote, akakohoa.

— Dawa ya meno mnaionea bure. Diski ile imezoea mkono wa mama. Leo imeshikwa na mkono mgeni, imesusa. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ilikuwa juu ya kabati!

— Ndiyo maana! Hukuinama.

Kicheko kilinitoka, nikajuta papo hapo. Wembe hakuwa wa kuchekwa leo.

— Mie nasema deki inayochezesha diski ndiyo imekauka, — Spana akadakia. — Tutie oili kidogo.

— Oili kwenye deki? Toba! — Wembe akaruka.

— Kwani gari likikaza tunalifanyaje?

— Sikilizeni, — Mtaalamu akashusha sauti. — Labda ni kijana mwenyewe. Miaka yote anarudi nyumba ile. Leo kachungulia mle ndani, kaona kiti cha mama kitupu, kagoma kupiga hodi.

Loo! Hata Spana alisahau kubisha.

— Mtaalamu, mama yangu usimtanie.

— Sitanii, ndugu yangu. Mwenyewe nywele zimenisimama.

Mara mke wa Wembe akatoka. Ameolewa juzijuzi tu, filamu hiyo leo ndiyo mara yake ya kwanza.

— Shemeji zangu, poleni. Basi nisimulieni tu. Akipiga hodi, mama yake anafungua?

— Anafungua, — Spana akajibu upesi. Kisha akajikuna kichwa. — Nadhani. Pale mimi huwa nimetoka kidogo, kuangalia gari.

— Nami huwa nimekwenda haja, — Mtaalamu akasema, macho chini.

Ndiyo kwanza nikaelewa! Kila mwaka, katikati ya filamu, midume hii hunijia hapa benchini macho mekundu, ikilaumu moshi wa jiko langu.

Shemeji akamgeukia mumewe.

— Na wewe?

— Mama alikuwa akituita, — Wembe akasema. — "Wanangu, rudini muone mwisho." Tunajibu, tunakuja, mama.

— Hamkurudi hata mara moja?

Wembe akatikisa kichwa.

— Kwa hiyo nani anajua kama alifunguliwa?

— Mama, — Wembe akasema. — Mama peke yake ndiye aliyekuwa akibaki.