Faili Lililokataa Kushuka Ghalani

Muuguzi wetu wa wodi ya maradhi ya ulaji anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Barua za ofisi zina jina lake rasmi. Sisi tunamwita Dada Mbishi, naye anaitika.

Alipoanza, wengi waliamini kujinyima chakula ni deko la wasichana, na mtu mzima akiugua kajitakia. Dada aliwaketisha mezani wagonjwa wa miaka arobaini na hamsini, akaketi nao, akala nao. Kanuni zilimtaka asimame pembeni aandike. Barua ya onyo aliyopewa aliifanya kisahani cha kikombe chake cha chai.

Waliotoka wodini hawakumponyoka. Aliwapigia simu mwaka hadi mwaka, maana ugonjwa huu huaga mlangoni ukarudia dirishani. Mmoja wao Dada alimpigia akiwa katikati ya usaili wa kazi, akamuuliza kwa sauti ya sokoni kama amekula. Kazi aliipata, na hadi leo Dada anajigamba kuwa ni kwa juhudi zake.

Lakini ubishi wake mkubwa ulinihusu mimi, karani wa masijala. Miaka kumi na tisa iliyopita fundi cherehani mmoja alilazwa mara ya nne, akiwa na miaka thelathini na minane. Daktari aliandika kuwa hatapona. Ndugu zake walishakata tamaa. Utaratibu wetu ni kwamba faili la mtu kama huyo hushushwa ghalani, na mwenyewe hapewi tena miadi. Kila Januari nililishusha. Kila Januari Dada alilipandisha, akanipa na maneno yangu. Nilimwona msumbufu, na nilikosea.

Fundi alipata nafuu kidogo kidogo, akaanguka tena mama yake alipofariki, akarudi mwenyewe kwa sababu miadi yake ilikuwepo. Sasa ana miaka hamsini na saba, huu ni mwaka wa nane hajalazwa, na sare walizovaa wauguzi leo kashona yeye.

Utawala umetangaza kuwa simu na miadi hiyo vitakoma Dada akiondoka.

Ahsante, Dada. Nenda kapumzike, ule kwa raha, na wajukuu wakusumbue kama ulivyotusumbua sisi. Wanaosubiri uondoke ili mafaili yashushwe, waje kwangu kwanza. Ufunguo wa ghala ninao mimi, na simpi mtu.