Duara Jeupe la Shangazi Tumbo

Ndugu jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu awasomee safari ya dada yetu, naye marehemu mwenyewe aliacha agizo kwamba atakayesoma asilie mpaka amalize, na kwamba mwenye kutaka kucheka acheke, kwa hiyo msomaji atajitahidi kwa upande wake, na nyinyi jitahidini kwa upande wenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha uchapaji, ambako Baba alikuwa msahihishaji, yaani mtu wa kusoma kila ukurasa kabla haujachapwa na kutia alama nyekundu penye kosa. Karatasi zilizokataliwa ndizo zilizokuwa mwanasesere wake na mpira wake, na Mama alikuwa akisema kwamba binti huyu alijua kusoma kabla hajajua kufunga viatu, na viatu vyenyewe hakuvijua vizuri hata alipostaafu.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akaingia sekondari mwaka 1966, na mwaka huohuo, tarehe 22 Agosti, Baba akafariki akiwa na miaka arobaini na mitatu. Baba mdogo alikuwa ametangulia kwa njia ileile. Watu waliuliza amekufa na nini, wakajibiwa "tumbo", na hapo mazungumzo yakafungwa, kwa sababu katika ukoo wetu tumbo lilikuwa kama jina la familia, mtu halihoji. Dada peke yake ndiye aliyewasogelea wazee siku ile akauliza, "Mbona tumbo letu tu? Majirani hawana matumbo?" Alitumwa akalete maji ya kunywa. Maji alileta, lakini swali hakuliacha huko jikoni, akakaa nalo maisha yake yote.

Alisomea udaktari kuanzia 1972 hadi 1977, akaenda ng'ambo mwaka 1979 kusomea elimu ya urithi wa magonjwa, na tarehe 1 Februari 1983 akaajiriwa kuwa mtafiti katika maabara ya hospitali kuu, akapewa chumba cha ghorofa ya chini kilichokuwa stoo ya mashuka, chenye dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia nguo. Humo alianza kazi yake ya kutafuta kwa nini saratani ya utumbo mpana hupita katika baadhi ya familia kizazi hadi kizazi. Alianza na yetu, maana, alisema, mtu huanza kufagia kwake. Akachora ukoo wote kwenye karatasi pana, wanaume kwa miraba, wanawake kwa maduara, aliyeugua saratani akajazwa wino mweusi, aliyekufa akapigwa mstari, na baadaye, kipimo kilipopatikana, aliyerithi kosa linaloleta ugonjwa bila yeye kuugua akatiwa nukta katikati.

Ili kuujaza mchoro huo dada hakuwa na haya hata chembe. Harusini, wakati watu wamebeba sahani, alimvuta mjomba pembeni na kumuuliza choo chake kikoje siku hizi, na mara nyingine pembeni kwenyewe hakumvuta. Watoto wa ukoo wakambandika jina la Shangazi Tumbo, naye akalipokea kwa mikono miwili, hata akawa analitumia kwenye simu.

Jina hilo halikumfukuza mchumba. Mwaka 1985 friji la kugandishia sampuli liliharibika, akaitwa fundi, fundi akauliza ndani ya vichupa hivi kuna nini, akajibiwa, "Ukoo wangu mzima, ukiwayeyusha utanijibu." Fundi alilala sakafuni karibu na friji lile mpaka likapona, na tarehe 20 Desemba 1986 wakafunga ndoa. Shemeji yetu husema kwamba alioa watu wote waliokuwa kwenye vichupa. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1988 na wa kiume mwaka 1991.

Kazi yake kwa miaka mingi haikwenda popote. Sote tuliamini ugonjwa ulitoka kwa babu, kwa kuwa ukoo ni wa babu, na dada, pamoja na usomi wake wote, aliamini vivyo hivyo, akawahoji wazee wa upande ule sebuleni, mmoja baada ya mwingine, nao wakajibu kwa niaba yao na ya wake zao. Kumbe babu na nduguze walikufa wazee kabisa, mmoja wao kwa kuanguka kutoka kwenye paa alilokatazwa kupanda. Miraba yao ilibaki myeupe, na dada akaanza kusema huenda tumbo letu halina sababu.

Mwaka 1991 alikuwa jikoni kwa shangazi yetu, dada yake Baba, amempakata mtoto mchanga huku shangazi akichambua mboga, akalalamika kwamba ukoo umemshinda. Shangazi akasema, bila kuinua macho, "Na mama yetu je, bibi yako? Mama alikwenda na ugonjwa wa kike, na dada yake vilevile. Lakini hilo si tumbo, na mbele ya wanaume hatulisemi." Dada alimweka mtoto juu ya meza, katikati ya mboga, akaanza kuchora kwenye ukingo wa gazeti. Saratani ya tumbo la uzazi na ile ya utumbo zilikuwa zinatembea pamoja, kosa moja milango miwili, na zilitoka kwa bibi, ambaye kwenye mchoro alikuwa duara dogo pembeni, limewekwa ili babu asionekane kapera. Kuanzia siku hiyo, katika kila familia aliyoichunguza, dada alihoji jikoni kwanza, sebuleni baadaye, na wanafunzi wake aliwafundisha hivyohivyo.

Mwezi wa Mei 1996 yeye na wenzake walilipata kosa lenyewe. Alitukusanya akatueleza kwa namna ambayo hata sisi tusiojua sayansi tuliielewa, kwamba seli inapojinakili hukosea hapa na pale, na kila mtu huzaliwa na wasahihishaji wawili wa makosa hayo, mmoja kutoka kwa baba na mmoja kutoka kwa mama, lakini katika ukoo wetu wapo wanaozaliwa na mmoja amelala, na siku wa pili naye akichoka, makosa hupita na kuwa saratani. Alipofika kwenye neno msahihishaji, Mama akatoka nje kidogo. Kisha tukapimwa. Mdogo wa mwisho hakuwa nalo. Kaka Mkubwa alikuwa nalo. Dada alikuwa nalo.

Alijitia nukta kwa mkono wake mwenyewe, akatangaza, "Nitakufa kwa moyo, au kwa uzee, au kwa kuanguka ngazini kama mtu mwingine yeyote. Duara langu halitiwi wino." Akaenda kupimwa utumbo, na tumbo la uzazi pia, kila mwaka bila kukosa. Kaka Mkubwa, fundi seremala ambaye mtaa mzima unamwita Randa, akagoma. Kipimo ni mpira mwembamba wenye kamera, na mnajua unapopitishwa, naye akasema, mtuwie radhi, kwamba mlango wa nyuma Mungu aliuweka wa kutokea tu. Tulimbembeleza miaka mitano. Tulimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akasema yeye hafichi, amefunga.

Mwaka 2001 dada aliacha kubembeleza. Hospitali haimruhusu aliyepewa dawa ya usingizi aondoke peke yake, kwa hiyo akamwomba Kaka amsindikize, shemeji akasingizia safari. Randa akaketi mbele ya skrini, amevaa koti la hospitali lisilomfika magotini, akatazama utumbo wa mdogo wake, na akaona kinundu kinakatwa, kidogo kama punje ya mtama. Akamuuliza daktari, "Hiki kingeachwa?" Daktari akamwambia. Kaka akasimama akaanza kufungua mkanda, ikabidi muuguzi amweleze kwamba mtu hufunga kwanza na kunywa dawa ya kuharisha. Alirudi wiki iliyofuata, wakamtoa kinundu kikubwa kuliko kile, kilichokuwa njiani kuharibika. Leo ana miaka sabini na minne, na jeneza mnaloliona amelitengeneza yeye.

Marehemu alistaafu mwaka 2012, lakini kitini hakukaa, aliendelea kuzunguka familia nyingine zenye matumbo kama yetu. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akaupokea ugonjwa huo karibu kwa furaha, akamwambia daktari wa moyo kwamba amemsubiri muda mrefu. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili, nyumbani kwake, mumewe akiwa ameshika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, akiwemo wa moyo aliyevumilia utani wake, majirani waliotupikia na kutulaza, na wenzake wa maabara walioleta kiti chake cha zamani ili kikae hapa mbele. Kwa agizo lake, vijana wote wa ukoo waliotimiza miaka ishirini na mitano wasiondoke kabla ya kuonana na binti yake, ambaye ni muuguzi, amesimama pale mlangoni, na anawajua wote kwa sura.

Jana Kaka Mkubwa aliuteremsha ule mchoro kutoka ukutani, akachukua rula yake ya kazini, akapiga mstari mmoja juu ya duara la dada, kisha akairudisha kalamu sikioni, maana hapakuwa na kingine cha kuchora. Lina mstari, lina nukta yake, na pengine pote ni peupe.

Dada yetu, umeshinda, pumzika kwa amani yako, na uliyemtuma kusoma amemaliza.