Safari ya Macho ya Gichunge

Garini kutoka Isiolo, Gichunge alijifanya amelala kwa heshima zote za maiti, huku mkewe Karwitha na mama mmoja wasiyemjua, aliyepakata kabichi, wakibishana juu ya kichwa chake.

"Kulala kwa hema mlimani na watoto? Kwani nyumba imewafukuza?" mama wa kabichi aliuliza. "Huko hata nyani wanatamani sweta."

"Daktari amesema macho ya mzee wangu hayatafika Krismasi. Lazima kesho aamke aone theluji."

"Pole sana, mama. Lakini baridi itammaliza kabla ya hayo macho."

"Immalize akishaiona!"

Gari likasimama penye njia ya hifadhi. Watoto wakashangilia, wakionyesha kilele cheupe. Gichunge alifumbua macho, akageukia sauti zao, akauliza taratibu, "Kiko upande gani?"