Sahani Nyeupe ya Fundi Nionyeshe

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka fundi wa injini ambaye hakuamini kitu mpaka akione kwa macho yake. Tulimzika Jumanne. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Watu walimwita Nionyeshe, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Ukimwambia gari limepona, anasema nionyeshe. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje.

Mjane wake alinipokea sebuleni kwa mashaka. Aliitazama mashine yangu ya kurekodia, akauliza, "Imeshaanza kunasa hii?" Nikamwambia bado. Akainama, akahakikisha mwenyewe kwamba taa yake haijawaka. Nyumba nzima iko hivyo.

Gereji ilikuwa ya watu wawili, Nionyeshe na mdogo wake wa tumbo moja. Injini waligawana. Kaka alitengeneza sehemu ya juu, yaani hedi na valvu zake. Mdogo alitengeneza sehemu ya chini, yaani silinda na pistoni. Kaka juu, mdogo chini. Naomba mlishike hilo.

Kisha ikaingia kamera. Ilikuwa ya bei poa, nyembamba kuliko penseli, yenye waya mrefu unaochomekwa kwenye simu. Unatoa plagi ya injini, unapitisha waya kwenye tundu lake, na silinda yote unaiona kwenye simu bila kufungua injini. Mbele yake huvalishwa kioo kidogo, ili uone ukuta wa pembeni. Nionyeshe alikuwa amepata chombo chake.

"Alichungulia kila kitu," mjane aliniambia. "Mabomba, redio, nyuma ya kabati langu. Nikamwambia, baba, bado masikio yangu tu."

Siku moja mama mmoja, dereva wa gari la shule, alirudisha gari lake. Ndugu hawa wawili walikuwa wameifanyia kazi injini yake miezi mitatu nyuma. Sasa ilitoa moshi wa buluu, moshi wa kuunguza oili. Nionyeshe akapitisha kamera. Silinda ya kwanza, mstari mweusi ukutani. Ya pili, mstari. Ya tatu na ya nne, mstari ule ule, mahali pale pale.

Hapo angepaswa kujiuliza. Hakujiuliza. Alikuwa tayari na mtu wa kumshuku. Wiki hizo mdogo wake aliondoka mapema kila Alhamisi, bila kusema anakokwenda. Nionyeshe aliamini anafanya kazi kwa watu wengine, na huku kazi ya gereji analipua tu.

"Ulisema silinda umezisugua upya."

"Nimezisugua, kaka."

"Na huu mkwaruzo?"

"Siujui. Tufungue tuone."

"Nimeshaona."

Aliyasema mbele ya mteja. Mdogo akavua ovaroli, akaitundika msumarini, akaondoka. Mwaka mmoja na nusu hawakusemeshana. Jina la mdogo likaharibika. Kila gereji aliyokwenda walikuwa wameshasikia.

"Kaka yangu, mtu wa nionyeshe," mdogo aliniambia, "siku ile mimi ndiye niliyetaka kumwonyesha. Akakataa kutazama."

Na yule dereva? Alikataa gari lake lifunguliwe na yeyote. "Wao kwa wao hawaaminiani, mimi niwaamini kwa lipi? Nikawa naliongezea oili kila wiki, kama mtoto wa chupa," aliniambia.

Wasikilizaji wapendwa, ukweli ulitokea jikoni. Hereni ya mkewe iliangukia kwenye bomba la sinki. Nionyeshe akaleta kamera yake na kile kioo, akachungulia. Ndani ya bomba akaona mstari mweusi. Mstari ule ule. Akaitoa kamera, akaipitisha juu ya sahani nyeupe iliyokuwa ikikauka. Kwenye simu, mstari ukaonekana juu ya sahani.

Mkwaruzo ulikuwa kwenye kioo. Kwenye injini haukuwahi kuwepo.

"Akaketi sakafuni," alisema mjane. "Nikadhani moyo. Akaniambia, nimemfukuza mdogo wangu kwa sababu ya kioo. Kisha akatoka na kamera na sahani yangu. Hereni hadi leo imo humo humo."

Kwa mdogo wake hakufunguliwa. Sauti ilitoka nyuma ya mlango: "Umekuja kunichungulia nini tena?"

"Nimekuja kukuonyesha."

"Sitaki."

Alikaa kizingitini asubuhi nzima, sahani mapajani, mpaka shemeji yake alipoona aibu ya majirani, akafungua. Mdogo akautazama kwenye simu ule mstari juu ya sahani. Kisha akauliza swali la fundi: "Na moshi ulitoka wapi?"

Walikwenda wote wawili kwa yule dereva. Alikubali kwa sharti moja, asimame hapo hapo. Wakafungua. Silinda zilikuwa safi, zimesuguliwa vizuri. Oili ilikuwa inavuja kutoka juu, kwenye mipira ya kuziba valvu, iliyofungwa vibaya. Kaka juu, mdogo chini. Mnakumbuka. Mipira ile ilifungwa na Nionyeshe mwenyewe.

Hakujitetea. Alizunguka gereji zote, moja baada ya nyingine, akasema, "Kosa lilikuwa langu. Mdogo wangu ni msafi." Wengine hawakuamini. Walidhani ndugu hawa wamepanga maneno.

Na zile Alhamisi? Nilimuuliza mdogo. Akacheka, akafuta macho. "Nilikuwa najifunza kuogelea. Mtu mzima kama mimi! Ningemwambia, angetaka nimwonyeshe."

Walifanya kazi pamoja miaka miwili tena, hadi figo zilipomshinda kaka.

Nilipomwambia mjane kwamba nitayasema haya hewani, nilidhani atakataa. Akasema, "Yaseme. Hakupenda kitu kifichwe."

Poleni sana, mama na binti zako. Pole, mdogo wa marehemu. Poleni mafundi wote mliomfahamu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mfikirieni yule mtu mliyeacha kumsemesha. Kosa lake mliliona kwa macho yenu, najua. Nionyeshe naye aliona.

Jana nilipita pale gerejini. Sahani iko juu ya meza ya vyuma, ina oili pembeni, katikati ni nyeupe. Mdogo alikuwa na injini ya mtu. Akaishika kamera, na kabla ya kuipeleka kwenye tundu la plagi, aliipitisha kwanza juu ya sahani, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo.