Mzee Tikisa, Mfunga Mizigo Asiyekuwa na Raha

Baba yetu mpendwa, ambaye madereva wote walimwita Mzee Tikisa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mfua vyuma na mshona nguo. Marehemu bibi alikuwa akisimulia kwamba hata kabla hajajua kutembea, alikitikisa kitanda kwanza ndipo alale. Labda bibi alitia chumvi, lakini waliomfahamu hawatabisha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971. Hesabu alizimudu, imla ikampiga chenga. Baadaye akajifunza uchomeleaji kwa baba yake.

Mwaka 1976 aliajiriwa utingo kwenye yadi ya matela yanayobeba tingatinga na mashine nyingine nzito. Huko ndiko wasiwasi ulikomwingia. Siku moja walipakia mashine ya kushindilia barabara, wakaifunga vizuri. Walipotoka akamwomba dereva wasimame mbele kidogo, maana barabara ikishautikisa mzigo, unajipanga upya na minyororo inalegea. Dereva akamwambia, "Wewe dogo, unataka tufike mwaka kesho?" Kwenye kona mashine iliteleza, ikalala juu ya kibanda cha fundi viatu. Fundi alikuwa ametoka kufuata chai. Jamani, ile chai! Tangu hapo kila tela alilolifunga lilisimama baada ya mwendo mfupi: kushuka, kuangalia kabari zinazozuia mashine isisogee, kutikisa kila mnyororo, kukaza. Madereva walimcheka, walimsema, na walisimama.

Alimwoa mama tarehe 8 Agosti 1981, na nusura mambo yaharibike mapema. Siku ya kujitambulisha ukweni alipewa kiti, akakitikisa kabla ya kukikalia. Babu akafura. "Kijana, kiti changu kina kasoro gani?" Akajibu, "Mguu mmoja umelegea, baba." Na kweli ulikuwa umelegea. Aliutengeneza palepale, na babu akacheka mpaka akakohoa.

Walijaliwa watoto watatu. Dada yetu mkubwa alimfuata kazini, akawa dereva wa tela. Baba alijivunia, lakini raha ilimwisha. Kila dada aliposafiri, baba alikaa na simu mkononi, chakula hakigusi, mpaka apigiwe kutoka pale pa kusimama.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Daktari akamshauri apunguze mawazo. Mama akasema, "Huyu mwambie aache kupumua, daktari, ndiyo rahisi." Mwanzoni mwa Juni mwaka huu alilazwa.

Asubuhi ya tarehe 11 dada aliondoka na tingatinga kwenda machimboni, njia ya miteremko mitupu. Baba hakuwapo yadini kumkagulia. Muda wa kusimama ukapita, simu kimya. Akaanza kuhema, akang'ang'ania kushuka kitandani, nesi akaja mbio. Mama, roho mkononi, akaona bora amtulize. "Amesimama, baba watoto. Alipiga ukiwa umesinzia."

Baba akamkazia macho. "Mnyororo upi ulikuwa umelegea?"

Mama akaanza kunyoosha shuka. Baba akageukia ukutani, akalia. Sisi hatukuwahi kumwona akilia, na tuliogopa kuliko tulivyoogopa ugonjwa wenyewe.

Ndipo simu ikaita.

"Baba, nisamehe, mtandao haukuwepo. Nimesimama. Wa nyuma, kushoto, ndio umelegea."

"Kabari?"

"Zimekaa."

"Umekaza?"

"Nimekaza, nimetikisa."

"Haya mama. Nenda polepole."

Akarudisha simu, akamwambia mama, "Sasa ndiyo amesimama," akaomba mto ushushwe. Alifariki jioni hiyo, usingizini. Dada alikuwa bado njiani kurudi, na hilo linatuuma sote.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mmoja, mdogo wake wa kiume na yadi nzima ya madereva wanaosimama.

Jana tulipomtoa hospitalini, dada aliomba gari lisimame pale kituo cha mafuta. Baba mdogo akanung'unika kwamba tunachelewa. Dada akashuka, akaitikisa mikanda iliyoshika jeneza, mmoja baada ya mwingine. Mmoja ulikuwa umelegea. Akaukaza.

Basi tulia, baba. Tumesimama. Lala kwa amani.