Vinundu vya Kunde za Mwantumu

Pale Kilole, ng'ambo ya mahali lilipokuwa likipakia basi la Handeni, palikuwa na taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe mawili. Juu yake walikaa wanaume waliokwisha kutatua shida za dunia nzima, isipokuwa zao wenyewe. Mwaka ule mkonge ulikuwa na bei na Mwingereza alikuwa anacheka. Sadala, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumzimia, alikuwa kwenye kikombe cha tatu. Fabiani, aliyewahi kufagia zahanati ya shamba la mkonge na tangu hapo akaitwa Dokta, alikuwa kando yake. Simeo alikuwa anamimina kahawa. Ndipo akaja Mhina, mkononi ana mkunde uliong'oka na mizizi yake. Nyumbani alikuwa amemwacha Mwantumu, mkewe aliyemwoa baada ya Ramadhani, akifunga nguo zake kwenye kanga. Kijiwe kikisema arudishwe kwao, basi lenyewe ndilo hilo pale linapakia. Na Mhina, maskini, alikuwa anampenda mke yule mpaka anaona aibu.

— Tazameni wenyewe, alisema, akaulaza mkunde juu ya taruma. Nilikuwa namsaidia palizi, jembe likaung'oa huu. Mizizi yote ina vinundu!

— Ndui! akasema Fabiani kabla hajautazama vizuri. Ndui ya mimea. Nimeiona sana zahanati.

— Kumbe mimea nayo ilikuwa inakuja zahanati? aliuliza Simeo.

— Wewe mimina kahawa.

Sadala akasogea.

— Hebu tueleze, Mhina. Mlipanda vipi?

— Mimi za kwangu, upande wa reli, nilipanda mbegu tupu kama watu wote. Yeye za kwake, upande wa mtoni, alizivuruga kwanza na udongo aliokuja nao kwenye mfuko, kutoka shamba la baba yake Kwamsisi, huko Handeni.

— Udongo? Bi harusi?

— Udongo. Anasema shamba langu lilikuwa la mkonge, halijapata kuona kunde. Kunde ikipandwa pageni peke yake inaona upweke, inataka udongo wa kwao. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake akafanya hivyo. Mimi nilicheka. Leo sicheki.

— Wenzake wanakuja na mikeka na vyungu, alisema Fabiani, huyu anakuja na ndui kwenye mfuko!

— Ndui wapi, Dokta! akasema Sadala. Hayo ni mayai ya chatu. Handeni kuna chatu wanameza mbuzi na kengele yake. Umewahi kuona wanapotagia?

— Sijawahi.

— Basi ndiyo hapo!

— Chatu wa kumeza mbuzi atage yai dogo kama punje ya choroko? aliuliza Simeo.

— Ndiyo kwanza anaanza kutaga. Mpe nafasi.

Fabiani, asiyependa kushindwa, akachukua kinundu kimoja, akakiminya kwa kucha. Ndani kilikuwa chekundu. Weee! Taruma zima lilisimama, vikombe vikamwagika, na Sadala akajikuta yuko nyuma ya jiko la Simeo bila kukumbuka alipitia wapi.

— Damu! Mumiani! Jamani, kunde mumiani!

— Damu ya nani? aliuliza Simeo, na sauti yake nayo haikuwa ile ya kwanza.

Wote wakamgeukia Mhina.

— Mhina, alisema Fabiani polepole, tangu umeoa umekonda.

— Nimekonda kwa kulima!

— Mkanda huo ulikuwa unafungia tundu gani?

Mhina akautazama mkanda wake. Ulikuwa umefika tundu la mwisho.

— Na kitanda chako, kichwa umekielekeza wapi?

— Mtoni.

— Lo! Umekwisha, ndugu yangu. Mizizi inapita chini ya ukuta, inakunyonya umelala. Mke arudi kwao leo hii, kunde zake zichomwe moto.

Utingo alikuwa anaita, Handeni, Handeni! Mhina akawaza nyumba bila Mwantumu, yule anayecheka hadithi yake mwenyewe kabla hajaimaliza. Aliogopa sana, na uchungu ulikuwa mwingi kuliko woga. Hata hivyo akageuka kwenda kumchukua mkewe.

Hapo akafika mama mmoja mwenye tenga la kuku, abiria wa basi lile lile, akaomba kahawa.

— Hamjambo, akina baba?

— Hatujambo, mama. Shikamoo.

— Marahaba.

Akauokota ule mkunde. Hakutazama mizizi, alitazama majani.

— Mama, uache huo! Unanyonya watu!

— Nimesikia, mnapiga kelele mpaka kule kwenye basi. Lakini majani mapana hivi, mabichi hivi, sijayaona njia nzima. Niulize moja tu, baba. Hizo zako za upande wa reli, zisizonyonya mtu, zenyewe zikoje?

Mhina akautazama tena ule mkunde. Za kwake zilikuwa za manjano, zimedumaa, hazimfiki mtu kwenye kifundo cha mguu. Mbuzi wa jirani walizisogelea juzi, wakanusa, wakaenda zao. Kila asubuhi alikuwa anajiambia ni mvua tu, kana kwamba upande wa mtoni ulikuwa na mvua yake.

Fabiani akakohoa. Sadala akatoka polepole nyuma ya jiko. Simeo akainamisha birika.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Za manjano, akasema Mhina. Mama, zangu hazina kinundu hata kimoja, na ni za manjano kama embe bivu!

Akapasuka kicheko, aibu na furaha pamoja, akatimua mbio kuelekea nyumbani.

— Handeni, bwana! utingo akamwita. Unakwenda?

— Siendi! Wala mke wangu haendi!

Alikuwa amekwisha kulipita basi aliposikia miguu inamkimbilia nyuma. Alikuwa Sadala, koti linapepea, anahema.

— Mhina! We Mhina, ngoja kwanza! Hivi shemeji hana mdogo wake huko Kwamsisi?