Kabla Msaidizi Hajafuta Jina la Mtu

Mgeni rasmi, Ntate, baba yetu Katibu Mkuu wa Uandikishaji, chifu wetu, wazazi na vijana mliojifunika mablanketi:

Karibu kijijini kwetu Ha Ramosoeu. Ukungu umekutangulia, umekaa viti vya mbele, na sisi makarani wanne wa ofisi ya vizazi na vifo tunakuona kama tunakuota. Tumefurahi mno.

TULIKOTOKA

Miaka thelathini tuliandika majina kwa mkono, theluji ikiangalia dirishani. Huku kwetu mjukuu wa kwanza hupewa jina la babu au bibi yake. Akiletwa kuandikishwa, wazee humfunua uso na kumwambia, "Umerudi, Mama? Mbona umetukawiza hivyo!" Nasi, kwa mapenzi, tukaandika kwenye safu ya maelezo: "Ni bibi yake, amerudi." Tumeandika hivyo mara nyingi, na hakuna aliyewahi kutuuliza.

MAFANIKIO

Mwaka juzi mlituletea Msaidizi, programu ya akili mnemba. Aliyasoma madaftari yote kwa siku mbili. Mzee aliyezoea kusubiri cheti wiki tatu akakipata kabla chai haijapoa. Mwenzetu Molefi alimpenda hadi akawa anamuaga jioni, "Lala salama, ndugu yangu." Tulimcheka, lakini tulimpenda sote.

YALIYOTUKUTA

Mwezi Machi tulimwagiza aondoe majina yaliyoandikwa mara mbili. Molefi akauliza, "Tumpe ruhusa ya kusoma tu, au na ya kufuta?" Tukamjibu, "Mpe zote bwana, usituchoshe." Tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi, watu arobaini na mmoja walio hai walikuwa wameunganishwa na babu na bibi zao waliozikwa, wakahesabiwa marehemu. Ntate, Msaidizi hakuwa ameharibika. Alisoma maelezo yetu, akaamini tunachokiamini, kwamba aliyekufa na aliyezaliwa ni mmoja. Ila sisi tukishaamini, tunakwenda kumpikia mtoto uji.

Arobaini tumewarudisha, maana karatasi zao zilikuwepo. Amebaki Puseletso Sekhobe, miaka kumi na tisa, yule pale mwenye blanketi la kahawia. Karatasi yake iliozeshwa na mvua zamani, na kumbukumbu yake kwenye mashine ilifutwa bila kubakizwa nakala. Chuo cha uuguzi kinafunguliwa Jumatatu. Badala ya barua ya kumwita, kimeiandikia familia barua ya rambirambi. Tunaona aibu kumtazama.

MAOMBI

Kwanza, kanuni. Msaidizi asome kila kitu, hata ndoto zetu akitaka, lakini asibadilishe neno mpaka karani aone la zamani na jipya yakiwa sambamba, akubali. Kufuta kuwe kwa saini za watu wawili, tena wasiokunywa chai pamoja! Kilichofutwa kiwekwe kando siku tisini, kiweze kurudishwa. Akifikisha mabadiliko kumi mfululizo, asimame atungoje. Kila alichogusa kiandikwe: nini, lini, kwa amri ya nani. Tunasikia wilaya nane zitampokea mwezi ujao akiwa na ruhusa zote. Tunakusihi usikubali.

Pili, Ntate, kumwandika upya mtu mzima kunahitaji saini yako mwenyewe. Fomu tunayo. Tulibishana kama ni adabu kumpa mgeni kalamu kabla ya chakula. Chifu akatukata kauli: "Mpeni kalamu. Nyama itangoja."

Tulimuuliza Puseletso tukuambie nini kwa niaba yake. Alisema: "Mwambieni kwamba bibi yangu yuko kule juu kwenye mawe, juzi nimetoka kulipalilia kaburi lake. Mimi niko hapa. Ningekuwa marehemu, nisingesikia baridi hii."

Amani, mvua na neema vikufuate mpaka mlangoni kwako.

Ni sisi, makarani wa Ha Ramosoeu.

Kalamu ni hii, Ntate.